Mama Kabibi Hiribae na Sauti Yake Juu ya Mpunga

Mama Kabibi Hiribae alizaliwa tarehe 9 Mei 1951 kijijini Ngao, ukingoni mwa mto Tana. Mamake alisimulia kwamba mto ulikuwa umefurika asubuhi hiyo, na mwanga wa maji ulicheza kwenye kuta za nyumba kana kwamba nayo inasafiri.

Alianza shule mwaka 1959, akaishia darasa la nne. Kila mpunga ulipotoa masuke alitolewa darasani kwenda kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga.

Kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Kabla ya jua kuchomoza alipanda dungu, jukwaa la miti katikati ya shamba, akiwa na kombeo na madonge ya udongo, akaimba. Dungu la jirani lilipokea wimbo, na la mbele yake likapokea, mpaka bonde zima likawa sauti moja inayoelea juu ya ukungu. Kizazi chetu hupima kazi kwa magunia tu. Wao walipima pia kwa nani alisikika asubuhi na nani alikuwa kimya.

Kijana wa shamba la jirani, Ngala Jilloh, alikuwa na usingizi. Siku moja donge la Kabibi lilitua miguuni pake.

"Kaka Ngala, umekuja kulinda mpunga au ndege?"

"Hawa ni wako, dada. Wameshiba kwako, kwangu wamekuja kulala."

Madungu yote yalicheka. Walifunga ndoa kanisani Ngao tarehe 16 Desemba 1972. Mzee Ngala alitutangulia mwaka 2014.

Mwaka 2022 daktari alisema moyo wa Mama umechoka, apumzike. Wanawe wakamletea gesi ya kupikia, wakavuta maji hadi uani, wakaweka shambani kipaza sauti cha sola chenye mlio wa mwewe. Lazima tuseme kweli: ndege walikimbia na mavuno yakaongezeka. Lakini Mama alianza kunyamaza.

"Mmenipa muda mwingi, wanangu," alisema. "Niufanyie nini?"

"Upumzike, Mama," alijibu Priscilla, kifungua mimba wake. "Umefanya kazi ya kutosha."

"Nani alikwambia imetosha?"

Aliomba kurudi shambani. Priscilla alikataa misimu mitatu, akihofia mama yake angeanguka afie huko. Julai mwaka huu alikubali, huku akilia. Molu, mdogo wake, akajenga dungu fupi, kimo cha kiti. Kipaza sauti kikazimwa katika kipande hicho kimoja cha shamba. Sauti ya Mama ilikuwa nyembamba, na ndege walikula fungu lao. Jioni alirudi amechoka, akala vizuri, akatania wajukuu.

Alfajiri ya Alhamisi, tarehe 14 Agosti 2025, aliaga dunia kitandani mwake, Tarasaa, mpunga ukiwa bado haujavunwa.

Ibada hii imewekwa adhuhuri, saa ambayo ndege hujificha kivulini. Priscilla amechukua likizo kazini Garsen. Tangu Ijumaa anaamia kipande kile kwa sauti yake mwenyewe, na ataendelea mpaka kivunwe.

Mama ameacha watoto watatu, Priscilla, Molu na Valentine, wajukuu tisa na kitukuu mmoja.

Apumzike kwa amani Mama Kabibi, na kama huko aliko kuna kazi, asinyimwe.