Mwalimu Burhan Faqe Rasul, Aliyetafsiri Ahadi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani wa Rawanduz na nyote mliopanda milima hii kuja kutufariji, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mpendwa wetu Mwalimu Burhan Faqe Rasul, mimi Rebin, mtoto wa kaka yake, marehemu Fattah, niliyelelewa nyumbani kwake.

Mwalimu Burhan alizaliwa tarehe 12 Machi 1946 katika kijiji cha Sarkani, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Rasul, mfuga mbuzi, na mkewe Bi Hapsa. Alisoma Rawanduz pamoja na kaka yake, ambaye aliacha shule mapema ili mdogo wake aendelee, akahitimu ualimu mjini Baghdad mwaka 1968, somo lake likiwa Kiingereza, akapangiwa sekondari mjini Koya, na huko tarehe 20 Mei 1971 akamuoa Bi Khunaw, wakajaliwa watoto watatu, Nasik, Shilan na Hedi.

Mwaka 1974, Baghdad, iliyotuahidi sisi Wakurdi kujitawala, ilipotupa kipande tu cha kile tulichoahidiwa, vita vikaanza tena, Mwalimu Burhan akaacha darasa akamfuata kaka yake milimani kwa wapiganaji wetu, na kwa kuwa Kiingereza wengi hawakukijua, akawa mkalimani wa wageni waliotoka ng'ambo. Majira yale ya baridi, bondeni chini ya Sarkani, wapiganaji wakiwa wanashauriana kurudi nyuma, mgeni mmoja mwenye miwani alisimama akazungumza, naye Mwalimu Burhan akayageuza maneno kwa Kikurdi safi: "Msiondoke, mizinga ya nchi jirani iko nyuma yenu, na sisi tuko nyuma ya mizinga, hatutawaacha." Fattah alimvuta kando akamuuliza, "Burhan, kasema hivyo kweli, au umempambia?" Akajibiwa, "Kaka, ndivyo alivyosema, sijaongeza kitu." Fattah akacheka, akasema, "Haya, nabaki, lakini nikifa nitakulaumu wewe, yeye simwelewi."

Tarehe 6 Machi 1975 wakubwa wa Baghdad na wa nchi ile jirani walipatana mezani, mbali sana, sisi hatukuitwa, mizinga ikafungashwa ikarudishwa ng'ambo ya mpaka, mgeni mwenye miwani akaondoka bila kuaga, na Fattah akauawa palepale bondeni pamoja na wenzake. Mama yangu, Bi Piroz, alipomwona shemeji yake akirudi peke yake, alimwambia mbele ya watu wote, "Huyo mgeni mimi simjui, aliyemwambia mume wangu abaki ni wewe," na tangu hapo hakumsemesha, ingawa tulikula kwake na kulala kwake, naye hakujitetea hata mara moja, ila aliporudi kazini aliomba asifundishe tena Kiingereza, akafundisha hesabu mpaka alipostaafu.

Mwaka 1991, tulipokimbilia mpakani kwa hofu ya mabomu ya sumu ya Baghdad, tukilala kwenye tope na theluji, wanajeshi wa kigeni walikuja wakitafuta mkalimani, watu wakamsukuma Mwalimu Burhan mbele. Ofisa alipotangaza kwamba turudi makwetu na kwamba tutalindwa, yeye akapaza sauti, "Anasema mtalindwa, anasema yeye, mimi sijasema kitu!" Umati ukaangua kicheko, ofisa akauliza wanacheka nini, naye akamjibu kwa adabu kwamba wamefurahi. Siku hiyo mama yangu alimpelekea chai, akamwambia, "Kunywa, shemeji, inapoa," na tangu mwaka ule wa 1975 hatukuwa tumemsikia akimsemesha.

Tarehe 25 Septemba 2017, figo zikiwa zimeshamchosha, alidai apelekwe kuupigia kura uhuru wetu, Hedi akambeba mgongoni hadi kituoni, akarudi na wino kidoleni na kukataa kukiosha. Tarehe 16 Oktoba mji wa Kirkuk, uliokuwa mikononi mwetu, ukaachiwa jeshi la Baghdad, na kati ya waliowaamuru vijana wetu waondoke walikuwemo makamanda wetu wenyewe. Habari hiyo ilimkuta kitandani hospitalini Arbil, akageukia ukutani, na Nasik alipomuuliza, "Baba, unaumwa wapi?" akajibu, "Wale wengine walitudanganya kwa lugha yao, nikawasaidia. Amri hii imetolewa kwa Kikurdi, mwanangu, haikuhitaji mkalimani." Hakutaka tena kusikia habari, afya yake ikazidi kudhoofu, na tarehe 9 Novemba 2017, saa ya adhuhuri, akatutoka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, walimu wenzake wa Koya, na majirani waliotupikia wali na maharage tangu msiba ulipotufika. Na kuhusu mashada ya maua yaliyotumwa kutoka ofisi kubwa za viongozi wetu, yamefika, mmeyaona nje ya lango la makaburi, mama yangu amekataa yasiingie, nasi hatukuona sababu ya kubishana naye.

Baba mdogo, amebaki Mungu peke yake ambaye ahadi yake hatujaiona ikivunjwa, akupokee, upumzike kwa amani.