Kimya Alichokidai Bibi Subiri

Wasikilizaji wapendwa, aliyefariki juzi alikuwa dobi. Narudia: alikuwa dobi, mwenye chumba cha mbele, meza ndefu ya kupigia pasi na wajukuu watatu. Hapa kituoni tulimwita Bibi Subiri. Hakuupenda utani huo, nasi hatukuuacha.

Wiki hii mtasikia kwamba alikuwa mpole. Hakuwa mpole. Aliwahi kumkabidhi mteja shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu, kwa kuwa mteja huyo alisimama mlangoni akisema "haraka, haraka".

Mnakumbuka shule zilipofungwa. Waliozifunga walitangaza kwamba watoto watasomea nyumbani, kana kwamba kila nyumba ilikuwa imekwisha kupanga madawati na kungoja kengele. Kituo hiki kikapewa kazi ya kurusha masomo kila asubuhi. Mwalimu alisoma swali, akavuta pumzi, akasoma jibu. Tulijipongeza sana.

Bibi Subiri aliyasikiliza masomo hayo pasi ikiwa mkononi. Wajukuu walisimama kuizunguka meza, vitabu vyao juu ya shuka za watu. Wawili walikuwa wepesi wa kusema. Wa tatu, mtoto wa marehemu binti yake, alikuwa na kigugumizi. Jibu alikuwa nalo. Kabla halijamtoka mdomoni, redio ilikuwa imekwisha kulitaja. Haukupita muda mrefu, mtoto akaacha kujaribu.

Mjomba wake akaliona hilo. Huyu ndiye aliyekuwa akimlipia karo, na alikuwa na duka.

"Mama, tusidanganyane," alisema. "Huyu maneno yanamkwama. Shule zikifunguliwa, abaki kwangu dukani."

"Dukani atauza kwa kukonyeza?"

"Atapanga bidhaa."

"Panga mwenyewe, mwanangu. Mikono mirefu unayo."

Mjomba alicheka, lakini hakubadili nia. Shule zikifunguliwa, mtoto angekwenda dukani. Bibi alilijua hilo, akapiga simu hapa. Aliyepokea ni mkuu wa vipindi. Sauti ya mpigaji ilisikika hadi mlangoni pa studio.

"Mnauliza swali, halafu mnajijibu wenyewe. Wajukuu wangu ni mapambo?"

"Bibi, redio haiwezi kunyamaza. Watu watadhani tumeharibika."

"Mmeharibika tayari. Subirini watoto wajibu."

Alipiga tena kesho yake. Alipiga kila somo lilipokwisha. Na kwa kuwa hakuwa mtu wa kungoja ruhusa, nyumbani alibuni utaratibu wake: swali likiulizwa, anazima redio. Anaendelea kunyoosha kola. Mtoto akimaliza kujibu, hata kama shati zima limekwisha, redio inawashwa. Masomo yaliwafikia vipandevipande. Mtoto, hata hivyo, alianza tena kufungua mdomo.

Mkuu wa vipindi alisalimu amri. Hakuongozwa na falsafa yoyote ya elimu. Alitaka simu yake ipumzike. Mwalimu akaagizwa asubiri baada ya kila swali. Tatizo ni kwamba kituo hiki kina mtambo unaolinda heshima yetu: ukisikia kimya, unapiga muziki wenyewe. Hakuna aliyeukumbuka. Mwalimu akauliza hesabu ya sehemu, akanyamaza, na nchi nzima ikasikia tarumbeta.

Simu ikalia. "Nimetaka nafasi ya kufikiri," alisema Bibi Subiri, "mmeniletea harusi."

Tangu siku hiyo, fundi mitambo aliuzima mtambo ule kila asubuhi wakati wa masomo. Tukaanza kurusha kimya. Wako waliolalamika. Bibi Subiri alipiga simu kuwajibu waliolalamika.

Asubuhi moja mjomba alifuata suruali zake. Redio iliuliza saba mara nane. Wajukuu wawili wepesi wakatazamwa na bibi yao kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo, wakanyamaza. Redio ikanyamaza. Mtoto akaanza, akakwama, akaanza upya. Akafika. Kisha redio ikasema jibu hilohilo.

"Kabla ya redio?" mjomba aliuliza.

"Redio nzima imesubiri. Wewe dukani unawahi nini?"

Shule zilipofunguliwa, mtoto alirudi darasani. Karo ililipwa na mjomba, kwa uso wa mtu anayeng'olewa jino.

Jana nilikwenda nyumbani kwa marehemu. Pasi ilikuwa imepoa mezani. Yule mjukuu sasa ni msichana mrefu. Nilimuuliza atamkumbuka bibi yake kwa lipi. Alichukua muda wake, nami nikasubiri. "Bi-bibi," alisema, "hakuwahi kunimalizia sentensi."

Kwa mjukuu huyo, kwa wenzake wawili, kwa mjomba na jamaa wote, kituo hiki kinatoa pole. Uongozi umenikumbusha kwamba kanuni haziruhusu kimya nje ya saa za masomo. Nimezisoma kanuni hizo. Fundi mitambo pia amezisoma, na hivi sasa amesimama mbele ya swichi ya mtambo wa muziki, wala hana dalili ya kuhama.

Basi hiki si kimya cha maombolezo. Bibi Subiri angetuuliza kina kazi gani. Hili ni somo. Watoto mlio nyumbani: tisa mara sita ni ngapi? Watu wazima, fungeni midomo.

Tunasubiri.