Mwalimu Kivuva na Mizinga ya Pleven

Wachungaji, wazee, walimu wenzake na majirani, familia imenituma niwasomee, kwa moyo wa shukrani, maisha ya baba yetu, Mwalimu Festus Kivuva Ndululu, aliyezaliwa hapa Nunguni tarehe 14 Machi 1941, kifungua mimba wa Mzee Ndululu na Mama Mbinya.

Alisoma shule ya misheni papa hapa, kisha sekondari, na Septemba 1963 akapata nafasi ya kusomea ufundi wa vyuma Bulgaria, katika mji wa Pleven, ambako jeshi la Uturuki lilizingirwa mwaka wa 1877. Wakati wa likizo alifanya kibarua kwenye makumbusho, akipaka mafuta mizinga ya chuma cha pua iliyoundwa Ujerumani, ambayo Waturuki waliivuta kwa farasi hadi vitani. Mwenzake kazini alikuwa Mzee Stoyan, ambaye babu yake aliuawa na mizinga kama hiyo, na Kivuva alipomwuliza mbona anaitunza, mzee alijibu, "Ikishika kutu, watu watasema babu yangu alikufa kwa homa."

Februari 1965 ilifika telegramu kwamba Mama Mbinya amefariki na ameshazikwa. Kivuva alienda kazini hivyo hivyo, akapangusa mzinga mmoja asubuhi nzima, mpaka Stoyan akamnyang'anya kitambaa. Mke wa Stoyan alichemsha ngano kwa sukari, kama desturi yao ya kukumbuka wafu, akaileta pale katikati ya mizinga, wakala pamoja, wakilitaja jina la Mbinya ambalo ndimi za Stoyan na mkewe zililiweza kwa shida.

Aliporudi Julai 1968, baba yake, aliyeamini kwamba mwanawe alikataa kuja kuzika, hakuinuka kumsalimia. Kivuva alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni, na mzee akauliza, "Huyo mama alimpikia Mbinya bila kumjua?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akamtuma sokoni kutafuta ngano, ikachemshwa, boma lote likala, na wawili hao wakapatana.

Kuanzia Januari 1969 hadi 1991 alifundisha ufundi wa chuma mjini Kitui, ambako majirani zake, Mzee Rashid na Mama Tima, walimpokea kama ndugu yao. Aliichora ile mizinga ubaoni mara nyingi hata wanafunzi wakamwita Mwalimu Mzinga, na wazazi wageni wakawa wanamjia kuulizia asali, naye hakuwahi kuwakasirikia.

Tarehe 12 Desemba 1970 alimwoa mama yetu Syokau, wa Matiliku, wakajaliwa Ndinda, Mutunga na mimi, Nzilani.

Aliugua kisukari tangu 1994, figo zikadhoofika, na tarehe 9 Agosti 1996 alituacha, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake waliomtembelea kila Jumamosi, kanisa, na vijana wa hapa waliochimba kaburi kwenye mwamba huu kwa mitaimbo, wakakataa kupumzika hadi likatosha.

Baba, kazi yako tumeiona, nasi tunakuachilia kwa Mungu, upumzike.