Mguu wa Babu Haupakatwi

Muuguzi aliingia kwenye treni ametoka zamu, miguu ikimuwaka moto, na kiti pekee kilichobaki kilikuwa kimekaliwa na mguu wa bandia wa mti. Mwenyewe, fundi saa mstaafu, alikaa kando yake amevaa mguu mpya wa betri.

"Shikamoo mzee. Naomba uupakate huo mguu, nikae."

"Marahaba, mwanangu. Huyu hapakatwi, ni mkubwa wangu. Babu alitembea naye, baba akamrithi, nami nikamvaa mpaka juzi."

"Ukoo mzima mmekatwa mguu?"

"Wa kushoto, wote. Hatupendi hasara."

Aliyeshinda akibembeleza watu wazima wameze dawa hashindwi na kipande cha mti. Muuguzi akainama. "Shikamoo babu. Nipishe basi."

Mguu ukanyamaza.

"Masikio yake mazito," mzee akamtetea.

Treni ikafika kituo cha mwisho, muuguzi angali amesimama. Mzee alipoinuka, mguu mpya ulilia kidogo, ukazimika. Akauvua, akajifunga ule wa mti, kisha akamtwika muuguzi ule wa betri.

"Nisaidie huyu mpaka nje, mwanangu. Huyu ni mtoto, anabebeka."