Sabuni ya Kahawia ya Ngoliba

Nzioki, funga mlango huo, na wewe Ndinda acha kunikunjia shuka, keti hapa kitandani karibu na miguu yangu. Msinikatize, wanangu, kwa sababu pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Mkitaka kulia mtalia nikimaliza. Nataka kusema juu ya mashapo. Najua mlidhani nitaanza na shamba au na Mungu. Na Mungu tumeshaongea, na shamba nitalifikia. Lakini karo zenu, mabati haya juu yetu, hata kitanda hiki, vyote vilitoka kwa uchafu wa mawese ambao kiwanda cha mafuta pale Thika kilikuwa hakijui kiumwage wapi. Sasa kuna watu wakubwa wanaoutaka wote, na msiponisikia vizuri mtaenda Jumanne moja mkute lango halifunguliwi tena.

Baba yenu Maluki alikuwa mpakiaji pale kiwandani, ndiye aliyeniambia. Mawese yanashushwa Mombasa, malori yanayapandisha hadi Thika, yanasafishwa yawe mafuta ya kupikia, na chini ya matangi yanabaki mashapo mazito, yananuka, rangi ya chungwa lililooza. Ukiyachemsha na soda kali ukajua kuyapima, yanakuwa sabuni. Siku hizo kiwanda kilifurahi mtu akija na pipa lake. Nikaenda kwa Khisa, aliyekuwa akisimamia matangi, nikamwomba, akaniambia nije kila Jumanne. Nilirudi hapa Ngoliba nikijiona nimepata kisima cha peke yangu.

Jumanne ya kwanza nilimkuta mwanamke mwingine langoni. Alikuwa Apiyo, Mama Bridget, kutoka Mugutha kule Ruiru, amekaa juu ya pipa lake anakula mahindi ya kuchoma.

Nitawaambia jambo ambalo mnalijua. Mwanamke huyo nimemwonea wivu tangu asubuhi ile hadi sasa hivi, na sisemi hivi ili mtu yeyote anisamehe. Nasema ili nikifika mahali pa kumtaja kwa wema, msije mkafikiri ni ugonjwa unaoongea.

Alikaa karibu na lami, mimi nilitoka huku kwenye vumbi, kwa hivyo yeye alifika kwanza, na anayefika kwanza anachotewa ya juu, ya moto na safi. Mimi nilipata ya chini, yenye mchanga. Sabuni yake ikatoka nyeupe kama ugali, yangu ikawa ya kahawia. Khisa hakutupendelea, nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, nikitamani awe amempendelea, na siwezi kulisema. Alichota kwa zamu ya kufika, basi.

Halafu kuna Julai. Nyinyi mlikuwa mnaniona nikichimba mapipa kwa panga na hamkuuliza kwa nini. Baridi ya Julai ikishuka Thika, mashapo huganda njiani, na ukifika nyumbani una jiwe ndani ya pipa. Ukiliyeyusha tena kwa kuni, linazidi kuwa jeusi. Apiyo alikuja na mablanketi makuukuu akayafunga mapipa yake vizuri, akayafunika mpaka juu, na wanaume wote pale langoni wakacheka. Khisa akamwuliza, "Mama Bridget, hao watoto umeshawanyonyesha?" Naye akamjibu bila kugeuka, "Hawa hawalii wakiona chakula, Khisa, si kama wewe." Mashapo yake yalifika Mugutha yakimiminika kama uji. Mimi nilicheka pamoja na wale wanaume, na moyoni nilisikia kama mtu amenipokonya kitu mkononi, kwa sababu mablanketi makuukuu hata mimi nilikuwa nayo. Ningefunika yangu Jumanne iliyofuata. Lakini angeona, angejua nimemwiga. Sikufunika. Julai zote zilizofuata nilichimba, na leo ningeamka kitandani hapa, bado nisingefunika. Nyinyi funikeni. Mnanisikia? Nyinyi hamna sababu ya kutofunika.

Baba yenu naye. Jioni moja alitoka kuoga, anajifuta masikio, akasema, "Sabuni ya Mama Bridget ina povu, lakini." Hakuwa na nia mbaya. Alisema jinsi mtu anavyosema kumenyesha. Tangu siku hiyo kila aliposimama karibu nami nilimnusa kwanza. Na alipofariki, mlipompeleka mochari, wale vijana wakawaomba sabuni na mafuta ya kumtengenezea, nanyi kwa haraka na uchungu mkanunua kipande cheupe kwenye kibanda cha nje ya hospitali. Sikuwagombeza. Lakini nilipoinama kumuaga kanisani niliinusa. Mume wangu ananiacha akinukia mikono ya mwanamke mwingine, nami nina vipande vya kahawia rafu hadi rafu. Nililia sana siku ile, mkanishika mkidhani mnajua ninalolilia.

Nipe maji, Ndinda. Kidogo tu. Inatosha.

Sasa mashapo. Khisa alistaafu, lakini bado anasikia mambo ya kiwandani, na alikuja kuniona Pasaka. Anasema kuna kampuni inayotaka mashapo yote, ikayageuze mafuta ya magari na ya ndege. Siwalaumu hao; hata mimi nilikuwa mkubwa mbele ya akina mama waliofika langoni baada yangu na makopo, na sikuwapisha. Meneja hataki tena foleni ya mapipa. Anataka mtu mmoja atakayeondoa yote kila wiki, bila kukosa, kwa lori la tangi lenye kibali cha mazingira, kwa sababu yakilala pale yanachacha na majirani wanapiga kelele. Sisi watengeneza sabuni akitukuta tumekuwa kitu kimoja, atatupatia sisi, maana tumekuwa naye siku nyingi. Akitukuta mmoja mmoja, ametupita.

Mama Bridget ana lori na kibali. Lakini Mugutha kumejaa nyumba za kupangisha hadi ukutani kwake, hana pa kuweka tangi kubwa, na wapangaji wamemshtaki kwa chifu juu ya harufu. Sisi tuna shamba, tuna upepo, na jirani wa karibu ni mbuzi. Mnaona mahali maneno yangu yanakoelekea, na mnaona ninavyoyavuta miguu.

Alikuja hapa Jumapili, nyinyi mkiwa jikoni mnajifanya mnaosha vyombo. Akakaa pale alipokaa Nzioki. Akaniuliza, "Mama Nzioki, bado unanichukia?"

Nikamwambia, "Nikuchukie una nini? Nakuonea wivu tu."

Akacheka mpaka akashika kifua. Akasema, "Basi tuko wawili."

"Wewe uone wivu kwangu? Wa nini, hii sabuni nyeusi?"

"Jua lako," akasema. "Mimi Julai nzima sabuni inalala rafuni mbichi, nauza ikiwa na maji, mteja akiiweka kwenye beseni inaisha kama peremende. Yako ikitoka Ngoliba ni kavu, ngumu. Wateja wangu huniambia ile ya kahawia inakaa mwezi. Wananiambia usoni, Mwongeli. Nikiwa nawapimia yangu."

Wanangu, sikumbuki mara ya mwisho nililala vizuri kama usiku ule.

Basi hivi ndivyo ninavyoacha. Shamba la Ngoliba ni lenu wawili, halikatwi ploti, hata wale madalali wa Kalimoni wakija na gari la aina gani. Tangi lijengwe upande wa chini, mbali na kisima. Nzioki, utaenda na Bridget wa Apiyo kwa meneja, mvae vizuri, na Bridget ndiye aongee, kwa sababu wewe ukikasirika unanyamaza na watu wanafikiri umekubali. Mashapo yaondolewe yote, kila wiki, hata wiki ya kunizika. Hasa hiyo. Wiki moja ikipita, kampuni ile imeingia. Sabuni ichemshwe kule Mugutha au hapa, mtaamua, lakini ikaushwe hapa, na kabla haijatoka uiguse kwa ulimi, Ndinda. Ikikuuma, soda bado haijaisha, irudishe rafuni. Chapa mtakubaliana. Jina la Mama Bridget likiwa mbele... Sawa. Liwe mbele. Yeye alikuwa anafika kwanza.

Sogeeni. Sauti inakwisha.

Mungu awape usingizi. Awape watu wa kuwasifu nyumbani, msisubiri kusifiwa nje. Nzioki, mpende dada yako hata akikushinda. Atakushinda. Ndinda, usimhesabie.

Nipe mkono wako. Huu. Nimeunusa tangu Pasaka, mwanangu. Najua unaniogesha na ya nani. Uliona ngozi yangu imechubuka, ukaona yetu inawasha, ukaenda ukanunua ile nyeupe na kuificha chini ya sinki. Nililala kimya ukinisugua. Ni laini. Nimesema. Ni laini.

Endelea nayo, mpaka siku ile.

Lakini mochari wakiomba sabuni, msikimbie kwenye kibanda. Pelekeni ya kahawia. Kipande kutoka rafu ya juu, kilichokauka. Itawasha... sitasikia.

Na mwiteni Mama Bridget. Asimame pale karibu. Aone inavyotoa povu.