Murhula Télesphore na Masanduku ya Mlima wa Lukube

Marehemu Murhula Télesphore alizaliwa Nyangezi tarehe 14 Aprili 1984, mtoto wa tatu wa maman Agathe na hayati papa Venant, mwalimu. Alisoma hapo hapo, akapata diploma ya Serikali mwaka 2003, kisha akahitimu elektroniki hapa Bukavu.

Tangu 2016 alifanya kazi katika shirika dogo la kuzuia maafa. Mwaka jana, kwa ruhusa ya chifu, alifukia masanduku yenye antena kwenye mlima wa Lukube, juu ya Nyangezi. Kila udongo uliposogea, masanduku yalipashana habari kwa redio, bila umeme wala mtandao wa simu, hadi kwenye king'ora juu ya paa la kapela, kanisa dogo la bondeni.

Alifunga ndoa na Eulalie tarehe 11 Agosti 2012, wakakaa Muhumba, mtaa wa hapa Bukavu. Siku ya arusi mikrofoni ilikatika, bwana arusi akapanda mezani na suti yake kutengeneza antena.

"Télé, unaoa mimi ao unaoa antena?" Eulalie aliuliza.

"Antena haiombake dot."

Hata wakwe, waliopokea mahari hiyo, walicheka.

Hakufa kwa ugonjwa, na familia haitapamba maneno. Alhamisi tarehe 30 Oktoba 2025 alipanda Lukube kubadilisha betri. Siku zile kila mtu aliogopa ndege zisizo na rubani. Walinzi wa kitongoji cha bondeni, wakiongozwa na Élie, walimkuta na sanduku moja mikononi. Walimfunga kwa waya wake mwenyewe.

"Ni wewe unaitaka madrone zikuye hapa," Élie alisema. "Masanduku ingine iko wapi?"

"Papa Élie, hii inachunga mulima. Mvula inakuya. Muache zibakie."

Walimponda vidole kwa jiwe, kisha meno, kisha mbavu.

"Enjiniya, ita basi drone yako ikuye kukuokoa hapa," mmoja alimdhihaki.

Alijua kila sanduku lilipo. Alijua pia kwamba akionyesha, wangemwachia. Hakuonyesha. Walimtupa barabarani wakidhani amekufa; wapita njia wakamkimbiza hospitalini.

Jumapili mvua ilinyesha tangu alfajiri. Katikati ya misa king'ora kililia, watu wa bondeni wakakimbia, mlima ukashuka na kufunika nyumba zao zikiwa tupu. Eulalie alimpasha mume wake habari hiyo hospitalini. Kinywa chake kilikuwa kimevimba, alilia tu. Alifariki Jumatatu asubuhi, tarehe 3 Novemba, kwa damu iliyovuja tumboni.

Kuogopa si kosa. Kuua mtu bila kumsikiliza ni kosa, hata kama wauaji ni wengi.

Ameacha mama yake Agathe, mjane Eulalie, na watoto Olive na Josué. Ameacha hai pia watu wote wa bonde la Lukube, Élie na mke wake na watoto wao wakiwemo.

Mungu ampe Télesphore pumziko la amani. Élie asipumzike mpaka aseme mbele ya wote alichofanya.