Rosa Paskasi Margwe, Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, nanyi nyote mliofika hapa Nakwa kumsindikiza dada yetu, mimi ni Severine, mdogo wake, familia imenituma niwasomee maisha yake, ingawa kuna sehemu moja ambayo jana tuliibishania hadi shangazi akasusa chai, nanyi mtaisikia ikifika.

Rosa alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 huko Bonga, mtoto wa kwanza wa mzee Paskasi Margwe, akasoma shule ya msingi hapo hapo, baadaye akaenda Mpwapwa kusomea uafisa afya, na mwaka 1984 akaanza kazi ya kukagua vyoo, visima na mabucha, kazi iliyompa jina la Mama Afya, pamoja na maadui wachache wenye mabucha. Tarehe 6 Oktoba 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu Dominiko, wakajaliwa Felix na Rose.

Mwaka 2004, mkoa wetu wa Manyara ukiwa bado mchanga, kipindupindu kiliingia mjini, gari la matangazo likapita likiwataka wananchi wachukue tahadhari, tahadhari gani, ya ugonjwa gani, halikusema, basi watu wakalikimbia soko, wengine wakaficha wagonjwa ndani, na mama mmoja wa Singe akampoteza mumewe kwa kuogopa kumpeleka hospitali. Rosa alilia, kisha akakasirika, na dada yangu akikasirika ujue kuna mtu atafanya kazi. Tangu hapo aliwafundisha wauguzi na maafisa afya namna ya kuzungumza na watu wakati wa mlipuko, akiwasimamisha mmoja mmoja na kipaza sauti, akiwaambia, taja ugonjwa kwa jina lake, usilolijua sema hulijui, kisha mwambie mtu afanye nini na aende wapi, na aliyezungukazunguka alirudishwa mwanzo mbele ya wenzake. Ugonjwa uliporudi mwaka 2009, watu waliwaleta wagonjwa wao wenyewe, mapema, na tulishukuru sana.

Sasa sehemu yenyewe. Rosa alianza kuugua mwaka 2011, akafariki Jumatano tarehe 15 Agosti 2012, na najua mtaani wapo wanaosema amerogwa. Shangazi alitaka nisome tu kwamba aliugua kwa muda mrefu, na kweli jamani, mwanamume kulitamka jambo hili mbele ya wakwe ni mtihani, lakini dada alinishika mkono akaniambia, Severine, ukinificha nitakuwa nimefundisha bure. Kwa hiyo nasema, dada yangu ameondolewa na saratani ya mlango wa kizazi. Ilianza lini hatujui, kwa sababu yeye aliyehimiza wengine hakuwahi kupima. Ikigunduliwa mapema inatibika. Akina mama, muuguzi Rahma, mwanafunzi wake, yuko pale kwenye turubai, tukishazika atawaeleza pa kupimwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake, majirani wa Nakwa, na mzee Hatibu aliyefunga duka lake akatuletea mchele na maturubai. Shangazi naye, aniwie radhi kwa kumtaja, asubuhi hii amekuwa wa kwanza kumfuata Rahma, akamuuliza anapimwa lini.

Dada, nimelitaja mbele ya watu, na wamesikia. Pumzika kwa amani.